Ufundi wa Kutunga Wizi, Usiku Mmoja Kasongo

Ngano ya Sungura na asali ya Simba, iliyomo katika mkusanyiko wa hadithi za Unguja alioutoa George Bateman mwaka 1901, ina kila anachokihitaji mtunzi wa kisa cha wizi. Mali ipo: asali ndani ya mbuyu. Mwenye mali yupo, na anaogopwa. Mshirika naye yupo, Buku, ambaye amedanganywa tangu mwanzo kwamba asali hiyo ni urithi alioachiwa Sungura na baba yake. Simba anapotokea chini ya mti, Sungura ana njia yake ya kutokea. Anafungwa ndani ya majani makavu, Simba anaombwa asogee kando majani yatupwe, na mwizi anatua chini na kutimua mbio. Anayelipa ni Buku. Siku nyingine Sungura anarudi na Kobe, anajaribu hila ileile, lakini Kobe ameshamsoma. Anamtangazia Simba kwamba kinachoshuka ni Sungura mwenyewe.

Naipenda mara hiyo ya pili kuliko sehemu nyingine zote za ngano. Aliyeitunga alijua kwamba mpango hupendeza unapovunjika mahali ambapo msikilizaji makini angeweza kupaona mapema. Kobe hakuangushwa kutoka mbinguni ili aharibu mambo. Ana akili zake, anaona anaachwa mtini aliwe, na anafanya ambalo kiumbe yeyote mwenye akili angefanya.

Ufundi huo siku hizi unafanywa pia mezani, kwa dadu na karatasi. Michezo ya kuigiza wahusika ilianza kuuzwa mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons huko Marekani. Watu wanne au watano wanakaa pamoja, kila mmoja na mhusika wake: mpiganaji, mganga, mchawi. Mwingine mmoja ni msimulizi. Yeye ndiye anayeieleza dunia ya kisa na kuwaigiza watu wengine wote waliomo. Wachezaji husema wanachofanya, na pale penye shaka dadu huamua. Mhusika mwizi aliingizwa kwenye mchezo huo mwaka 1975, katika nyongeza iliyoitwa Greyhawk, na tangu hapo hakuna kundi la wachezaji ambalo halijatamani kuiba kitu kikubwa kwa mpango.

Kuwatungia kisa cha namna hiyo ni kazi ngumu, na ndiyo maana nawaheshimu sana wanaoiweza. Pambano hutungwa kwa urahisi: adui yuko chumbani, wachezaji wako mlangoni. Wizi unawataka wachezaji wajue mambo kabla ya kuanza. Wakijua machache mno wanabahatisha, na wakijua yote hakuna mchezo uliobaki. Juu ya hayo kuna ugonjwa wa kupanga: kundi linabishana kuhusu ukuta na kamba mpaka usiku unapita, na hakuna aliyegusa mlango.

John Harper aliupatia ugonjwa huo dawa katika Blades in the Dark, mchezo alioutoa mwaka 2017. Kwake wachezaji hawapangi. Wanachagua namna ya kuingia, kwa mfano kwa hila au kwa kunyatia, na kutaja jambo moja tu: hila gani, au mlango upi. Dadu linarushwa, na papo hapo wako ndani, mambo yameanza kuchacha. Mlinzi akitokea, mchezaji anaweza kusimamisha kisa na kusema kwamba jana yake alikutana na mlinzi huyu kilabuni akamwekea fedha mkononi. Analipia urejeo huo kwa kuubebesha moyo wa mhusika wake mzigo, na kisa kinaendelea. Hata vifaa havitajwi mapema. Unachagua tu kama umebeba mzigo mwepesi au mzito, halafu kamba au tupa unaitaja pale unapoihitaji. Ni ubunifu wa kumwamini mchezaji, na nadhani hakuna aliyeitatua shida hiyo kwa uzuri zaidi.

Mwaka huohuo wa 2017 Grant Howitt alitoa Honey Heist, mchezo wa ukurasa mmoja ambao ndani yake wachezaji ni dubu wanaokwenda kuiba asali. Kila dubu ana namba mbili, ya udubu na ya uhalifu, zote zikianzia tatu. Udubu ukifika sita, amerudi porini. Uhalifu ukifika sita, amewasaliti wenzake. Sungura na Kobe wangeuelewa mara moja.

Mimi hata hivyo moyo wangu uko kwa watunzi wanaoanza na nyumba. Wao hawaandiki namna ya kuiba. Wanaandika mahali: nani analala wapi, ufunguo uko kwa nani, mbwa analishwa saa ngapi, mpishi anamchukia nani. Wakimaliza, wanafunga mdomo. Keys from the Golden Vault, kitabu cha mwaka 2023 chenye visa 13 vya wizi, kina jambo moja linaloonyesha uvumilivu wa namna hiyo: ramani ni mbili. Moja ni ya msimulizi, nayo ni kweli. Ya pili wanapewa wachezaji, na inaweza kuwa na pengo, kwa sababu aliyeichora hakufika kila mahali. Kati ya ramani hizo mbili ndipo kisa kinapokaa.

Ukitafuta nyumba ya kuanzia, Maniema ya kusini, mashariki mwa Kongo, inakupa mji mzima. Kasongo ya zamani, pale Tongoni, ilikuwa makao ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, na kituo kikuu cha pembe za ndovu zilizotoka bonde la Lualaba. Majeshi ya Dola Huru ya Kongo chini ya ofisa Mbelgiji, Dhanis, yalipoiteka mwezi Aprili 1893, Tippu Tip alikuwa amekwisha kurudi Unguja na mji ulikuwa mikononi mwa mwanawe Sefu. Pamoja na Dhanis alikuwepo daktari Mwingereza, Sidney Hinde, ambaye mwaka 1897 alitoa kitabu kuhusu vita hivyo. Chumba alichojichukulia yeye kilikuwa na urefu wa futi 80 na upana wa futi 15, na mlango wake ulifunguka kwenye bustani ya michungwa. Anataja magodoro ya hariri, vitanda vya kuchongwa, mishumaa, sukari, vibiriti, maghala ya mchele na mahindi.

Tazama chumba hicho kwa jicho la mtunzi. Futi 80 kwa 15 ni kama mita 24 kwa nne na nusu, ukumbi mrefu na mwembamba kama mtumbwi. Mtu hawezi kuuvuka kwa hatua mbili za kunyata. Mshumaa ukiwa mwisho mmoja, mwisho wa pili ni giza, na katikati kuna mahali ambapo kivuli chako kinarefuka mpaka mlangoni. Mlango unafunguka bustanini, hivyo harufu ya maua ya michungwa inaingia ndani, na usiku wa upepo mlango usiofungwa vizuri utagonga. Hapo hakuna ninalolibuni isipokuwa upepo. Vipimo vya daktari mmoja vimekwisha kunipa mwanga, kivuli, sauti na njia ya kukimbilia. Ndiyo sababu nawahimiza watunzi wachimbe mahali pa kweli kabla ya kuchora pa kubuni.

Sasa tubuni. Mji wangu ni wa dunia nyingine, una uchawi, lakini umesimama juu ya mifupa ya Kasongo. Kitu cha kuibwa ni kipi? Jibu la haraka ni pembe za ndovu, na ni jibu baya. Pembe moja kubwa ni mzigo wa mtu mzima, na pembe iliyoibwa itauzwa kwa tajiri mwingine wa aina ileile. Watu waliofungwa nao sitawafanya kuwa mali ya kuibwa hata kama wachezaji wana nia ya kuwaokoa. Katika kisa changu mateka na wapagazi wana mipango yao wenyewe, na wachezaji wasipowasikiliza watagongana nao gizani.

Nilichokichagua ni daftari. Biashara ya Kasongo ilisimama juu ya mkopo: Tippu Tip alipewa mtaji na Taria Topan, tajiri Mhindi wa Unguja, na deni likashuka kutoka kwa mkubwa hadi kwa mdogo mpaka likamfikia asiyekuwa na mtu chini yake. Katika dunia yangu jina lililoandikwa kwenye daftari la madeni linafunga miguu. Mwenye jina hilo hawezi kutoka nje ya mlio wa ngoma kuu ya mji. Ngoma hiyo hupigwa usiku na mchana bila kukoma, na wenyeji wameshaizoea hata hawaisikii.

Uchawi mmoja, sheria moja, basi. Mtunzi anayeongeza wa pili kabla hajaukamua wa kwanza anawanyima wachezaji nafasi ya kufikiri, kwa maana mtu hawezi kuzunguka sheria asiyoielewa. Sheria hii ina maswali yake. Kama waliofungwa hawawezi kutoka, wapagazi wa misafara wanatokaje? Wanatoka kwa sababu kila msafara unabeba ngoma yake, inayorudia maneno ya ngoma ya mji njia nzima. Mchezaji ataliona hilo mchana wa kwanza sokoni, msafara ukipita, na huenda asilifikirie kabisa. Nataka aje alifikirie baadaye.

Walinzi wanafuata. Saa ya kisa naichora kama alivyofundisha Harper: duara lenye vipande sita, kila kosa la wachezaji linajaza kimoja, na duara likijaa ngoma ya hatari inapigwa. Lakini kabla ya duara kuna ratiba ya nyumba, nayo naiandika kwa majina ya nyakati ambazo watu wenyewe wangezitaja. Baada ya magharibi wapishi wanateka maji kisimani na lango la nyuma liko wazi. Baada ya isha baraza limejaa wageni na bawabu anatazama viatu, si nyuso. Usiku wa manane walinzi wa bustani wanabadilishana zamu, na wa zamu inayotoka hawasubiri wa zamu inayoingia. Alfajiri nyumba nzima iko macho kuliko mchana. Wachezaji wanaweza kuyajua yote hayo wakimuuliza muuza machungwa, au mfuaji, au wakikaa tu kibarazani siku moja na kutazama.

Kiongozi wa walinzi nimemkopa kwenye historia pia, bila jina lake. Ngongo Lutete alikuwa chifu aliyepigana na kukusanya pembe kwa ajili ya Tippu Tip. Mwaka 1892 aligeuka akajiunga na Dola Huru, na mwaka 1893 haohao aliojiunga nao wakampiga risasi kwa tuhuma za usaliti. Mtu wa namna hiyo hafai kuandikwa kwenye karatasi ya msimulizi kwamba ni mwaminifu au kwamba anahongeka. Nimeandika mambo matatu tu: anadai mishahara ya mwaka, hamwamini mtu anayemwahidi fedha, na atageuka mara moja tu maishani. Wachezaji wakimjia na ahadi ya maneno atawakamata. Wakimjia na jambo analoweza kulithibitisha kwa macho yake, lango la bustani litakuwa bila mtu.

Ipo njia ya kuingia ambayo ingeonekana ya kubuni mno kama Tippu Tip hakuisimulia yeye mwenyewe. Maisha yake aliyaandika kwa Kiswahili, na Heinrich Brode akayachapisha mwanzoni mwa miaka ya 1900. Anaeleza humo jinsi alivyosikia kwamba dada za mzee Kasongo Rushie, mtawala wa Utetera, walitekwa zamani wakapelekwa mbali. Akaenda kwa mzee huyo akajitambulisha kuwa mjukuu wa mmoja wa dada hao. Mzee akamkubali, akampa utawala, na pembe zikaja pamoja na utawala. Huo ni wizi mkubwa ajabu, na haukuvunja kufuli hata moja. Kilichotumika ni habari sahihi ya msiba wa nyumba ya mtu. Naustaajabia kwa ustadi wake na naona uchungu ninapoufikiria, kwa sababu mzee alikuwa akimngojea ndugu.

Kwa hiyo katika nyumba yangu mama mkuu wa jikoni ana mdogo wake aliyepotea. Wachezaji wakiitumia habari hiyo wataingia hadi chumba cha ndani bila kurusha dadu. Lakini msimulizi nimemwagiza amwigize mama huyo kwa moyo wote: awape chakula, awaulize mdogo wake alikuwa akiimba nini utotoni, awalaze karibu naye. Atakayemdanganya mezani amdanganye akimtazama.

Siri kubwa ya kisa ni kwamba mmoja wa wachezaji wenyewe jina lake limo daftarini. Mzazi wake alikopa kabla yeye hajazaliwa. Hajui, kwa sababu hajawahi kujaribu kutoka nje ya mlio wa ngoma. Siri kama hiyo ikifunuliwa bila dalili ni dhuluma kwa mchezaji, na hapa nafuata kanuni aliyoiandika Justin Alexander mwaka 2008: kila jambo ambalo wachezaji wanapaswa kuling'amua lipewe angalau dalili tatu, kwa kuwa moja wataikosa, ya pili wataipuuza, na ya tatu wataielewa visivyo kabla ya kurukia jibu lenyewe kwa namna ya ajabu. Dalili yangu ya kwanza ni ndoto ya mhusika huyo, ambayo ndani yake ngoma inanyamaza naye anaanguka. Ya pili ni mnyapara anayemsalimu kwa jina la mzazi wake na kumpa pole. Ya tatu iko nyuma ya ramani ya wachezaji yenyewe. Aliyeichora aliichora nyuma ya karatasi kuukuu ya hesabu, na jina la ukoo lipo pale, nusu limefutika, tangu dakika ya kwanza ya mchezo.

Wakilipata daftari, kuna njia mbili za kutoka. Mto Lualaba unashuka kuelekea Nyangwe, na mitumbwi ni ya Wagenya, ambao hawampi mtu mtumbwi kwa kuwa tu ana bunduki. Msafiri David Livingstone aliingojea mitumbwi hiyo Nyangwe mwaka 1871 na hakuipata. Njia ya pili ni barabara ya misafara ya mashariki, siku kadhaa kwa miguu hadi Kabambare, na kutoka hapo hadi Ziwa Tanganyika. Kabambare ndipo ninapotaka wafike. Livingstone alikwama huko miezi mingi, kati ya 1870 na 1871, vidonda vikimla miguu, karatasi zimemwishia, akaandika juu ya magazeti ya zamani kwa wino wa kujitengenezea kutokana na mimea. Katika dunia yangu Kabambare anaishi mwandishi mgonjwa wa miguu anayejua kuchemsha wino wa kufutia majina.

Nyuma yao ngoma ya hatari inaanza. Kijiji kinapokea kutoka kijiji, gogo kwa gogo, na habari inawapita wakiwa bado njiani. Hapo ndipo mchezaji aliyefungwa anapogundua kwamba miguu yake bado inatembea. Kila kijiji kinachowasaka kinarudia maneno ya ngoma ya mji, kama ngoma ya msafara inavyofanya, na mlio unasonga mbele pamoja naye. Wakinyamazisha ngoma ili wapone, mwenzao anaanguka. Ili afike Kabambare lazima waendelee kusakwa, karibu kiasi cha kusikia, mbali kiasi cha kutokamatwa. Sehemu hii niliiandika upya mara nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote, nikiondoa kila sentensi iliyomwambia mchezaji la kufanya.

Kwa mwandishi wa Kabambare wino unatosha majina machache tu, na kuchemsha mwingine kunachukua usiku mzima. Mpagazi aliyewaonyesha njia jina lake limo. Mama wa jikoni jina lake limo. Mwenzao yumo. Kwenye ukurasa wa kwanza kabisa, kwa mwandiko wa mtu wa pwani, limo jina la tajiri mwenye nyumba, mdaiwa wa kwanza wa daftari zima. Watu wa mjini husema ni kiburi kinachomfanya asisafiri kamwe bila ngoma. Kwake pia wachezaji wanaweza kuutumia wino, na msimulizi nimemwachia nusu ukurasa mtupu wa kuandika kitakachotokea wakiamua hivyo.